Msitu wa Jozani: nani amelipa ili ubakie?



Maharusi wengi wa mjini siku hizi fungate wanakwenda kukaa Paje, Jambiani au Michamvi. Njia ya gari ni ile inayopita Tunguu mpaka Pete, na hapo dereva hupunguza mwendo atake asitake, kwa sababu kuna matuta. Miti inakuwa mikubwa, jua linapungua, na pengine juu ya tawi utamuona kima mwenye mgongo mwekundu, tumbo jeupe na nywele zilizosimama kama hajachana tokea Idi. Watu wanatoa simu, wanapiga picha, gari linaondoka.

Leo nataka tubakie hapo kwenye matuta kidogo. Msitu ule haukubakia kwa bahati. Kisiwa chetu kimekatwa karibu chote, kwa mashamba ya karafuu na minazi, kwa nyumba, kwa kuni na makaa, na Jozani ikabakia. Kuna watu waliolipa gharama ya kubakia kwake. Mimi ni mshonaji na nina duka, hesabu ndiyo inayonilaza na kuniamsha, na nikisoma habari za Jozani naona hesabu yake imeandikwa nusu. Wenye minazi wamo, watalii wamo, serikali imo. Mwanamke aliyekuwa akienda kuokota kuni humtafuti ukampata kwa urahisi.

Jina tulilopewa 2016

Mwezi wa Machi 2016, kwenye kikao cha UNESCO kilichofanyika Lima, Peru, Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka viliingizwa katika orodha ya dunia ya hifadhi za baiosfia. Tanzania nzima zipo tano: Ziwa Manyara na Serengeti pamoja na Ngorongoro, zote mbili 1981, Usambara Mashariki 2000, Jozani na Ghuba ya Chwaka 2016, na Gombe Masito Ugalla 2018. Kwa Zanzibar ni hiyo moja tu. Duniani zimeshapindukia 700, katika nchi zaidi ya 130.

Neno baiosfia ni gumu lakini maana yake tunaijua. Ni pale ambapo uhai upo, wa mti, wa samaki, wa mnyama na wa binadamu, wote pamoja. UNESCO ilianzisha mpango huu mwaka 1971 na hifadhi za mwanzo zikatangazwa 1976. Fikra ya zamani ya kuhifadhi ilikuwa kuzungushia uzio, kuwatoa watu, na kuweka askari mwenye bunduki. Wengi wetu tukisikia neno hifadhi ndiyo picha inayotujia. Mpango huu ulikuja na wazo jengine, kwamba watu wabakie, walime, wavue, wafanye biashara, lakini kwa mpangilio. Mwaka 1995 nchi zilikutana Seville, Hispania, zikaandika vizuri zaidi kwamba hifadhi ya namna hii ina kazi tatu: kulinda viumbe, kuinua maisha ya watu wa pale, na kusomesha na kufanya utafiti. Ikikosa moja, haijatimia.

Mpangilio wenyewe ni wa sehemu tatu. Katikati ni kiini, hapakatwi kitu. Pembeni yake ni ukanda wa kinga, panafanyika mambo mepesi kama utalii na kusoma. Nje yake ni ukanda mpana wa vijiji, mashamba na bahari ya kuvua, ambako watu wanaendelea na maisha. Mshonaji atalifahamu hili upesi. Ukikata gauni hukati juu ya alama ya chaki, unaacha nafasi ya mshono, kwa sababu bi harusi atakaa, atainama, atapokea watu, na nguo isiyo na nafasi itafumuka palepale penye umuhimu. Ukanda wa kinga ni ile nafasi ya mshono.

Na tufahamiane jambo moja ambalo nasikia watu wanalikosea. Jina la UNESCO haliiuzi ardhi kwa wageni. Ardhi inabaki chini ya sheria za Zanzibar, na UNESCO haileti walinzi wala mishahara. Inaleta jina na masharti, basi. Kazi ni ya watu wenyewe.

Hima ya Sayyidna Umar

Kuna dada atasema haya yote ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani naye, kwa sababu sisi Waislamu tuna historia yetu ya jambo hilihili, na jina lake ni hima.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na hima, lakini ilikuwa ya ubabe. Inasimuliwa kwamba mkubwa wa kabila akifika penye malisho mazuri alimbwekesha mbwa wake, na sauti ilipofika ndipo ulipokuwa mpaka wake, akila yeye na wanyama wake, na huku anakwenda kula na wenzake malisho yao. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, aliuvunja utaratibu huo. Hima haikuwa tena ya mtu binafsi, ikawa kwa maslahi ya umma, na yeye mwenyewe alitenga Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Madina nayo aliifanya haram, miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe.

Kisha ikaja zama ya Sayyidna Umar, radhi za Allah zimfikie. Aliweka mtumishi wake aitwaye Hunayy kusimamia hima, na maelekezo aliyompa yamepokewa katika Sahihi ya Bukhari. Kwa maana yake, alimwambia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache amruhusu aingie. Lakini mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan aiangalie, kwa sababu hao wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurudia, ama yule masikini wake wakifa atakuja na watoto wake mlangoni kulia. Na Umar akasema kwamba maji na majani ni rahisi kwake kuyatoa kuliko kutoa dhahabu na fedha.

Someni tena taratibu. Hao wawili aliowataja ni masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo, hakuwataja kwa ubaya. Aliwataja kwa sababu walikuwa matajiri na walikuwa na pa kukimbilia. Hima ilikuwa imefungwa na pia imefunguliwa, na mlango wake ulikuwa mwembamba kwa tajiri na mpana kwa masikini. Miaka zaidi ya 1,300 kabla ya kikao cha Seville!

Naliweka hili mapema kwa sababu nitalitumia kama futi ya kupimia. Kila mara tukiona msitu umefungwa, tuulize mlango umeachwa wazi kwa nani.

Msitu wa mbao, chui na kima

Jozani haikuanza kuwa mali ya kuangaliwa. Kabla ya serikali ya kikoloni kuuchukua, mwishoni mwa miaka ya 1940, ulikuwa msitu wa kupasulia mbao. Baadae Idara ya Misitu ikapanda miti mingine ndani yake, mitondoo na mivinje, na katika miaka ya 1960 ukawa msitu wa akiba wa serikali. Lengo wakati huo bado lilikuwa mbao. Mitondoo mikubwa inayotupa kivuli leo, mingine ni ya kupandwa, na kwa hivyo hata huo tunaouita msitu wa asili una mkono wa binadamu.

Wanyama hawakuwa na bahati sawa. Zanzibar tulikuwa na chui wetu wenyewe, mdogo kuliko wa bara. Mashamba yalipoongezeka na misitu kupungua, chui akakaribia watu, akala mbuzi na kuku, na watu wakamuogopa. Zaidi ya hapo ikaaminika kwamba kuna chui wanaofugwa na wachawi, wanaotumwa kudhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipigwa kampeni kubwa ya kutokomeza uchawi na chui kwa pamoja. Aliwindwa, na wataalamu wengi wanaamini ameshatoweka. Hakuna aliyekaa na wanakijiji kuwauliza mbuzi wao wangelipwa na nani. Mnyama ambaye watu wanamchukia, na hasara yake wanaibeba peke yao, haishi muda mrefu hata ukimuandikia sheria kumi.

Kima punju naye angeweza kufuata njia hiyohiyo. Jina lake lenyewe ni tusi, punju maana yake sumu. Watu walisema mbwa akimla ananyonyoka manyoya, na mti anaoula unakufa. Kitaalamu anaitwa kwa jina la John Kirk, Muingereza aliyekuwa balozi hapa karne ya 19, lakini mnyama ni wetu, haishi kwa asili popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu. Mwaka 1974 wachache wake walihamishiwa Pemba, msitu wa Ngezi, kwa hofu kwamba huku Unguja ataisha.

Vidaka vya minazi

Miaka ya 1990 ndipo mambo yalipokuwa ya moto. Kima wengi hawakuwa ndani ya msitu. Walikuwa nje, kusini yake, kwenye mashamba ya watu yenye miembe, mikungu na minazi. Watalii waliokuwa wakija na kulipa kiingilio walionyeshwa kima kwenye mashamba hayo, kwa sababu hapo ndipo wanapoonekana kwa karibu na hawaogopi. Kwa hivyo mkulima alikuwa anakaa barazani, anaona wageni wanapita shambani kwake wakipiga picha wanyama wanaokula mali yake, na pesa zinakwenda mjini. Mimi ningekuwa mwenye shamba ningekata miembe yote, na wako walioanza kutishia hivyo.

Wataalamu wawili kutoka Marekani, Thomas Struhsaker na Kirstin Siex, walikuwa wakiwasoma kima hawa kwa miaka, na walifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu, walihesabu. Wakulima walilalamika kwamba kima anamaliza nazi. Wao wakaangalia ni nini hasa anachokula. Kumbe anakula vidaka, vile vidogo kabisa, na mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi kabla havijawa kitale. Wakahesabu nazi zilizoanguliwa, na wakaona mavuno hayakupungua. Pale kima walipokula zaidi, nazi zilikuwa nyingi kidogo, kama vile mti umepunguziwa mzigo. Utafiti huo ulitoka 1999.

Sasa hapa kuna mtu angefunga daftari, akawaambia wakulima kwamba hawana haki ya kulalamika. Hilo lingekuwa kosa. Minazi si zao pekee, kima huingia pia kwenye mazao madogo ya chakula, na kima wale wengine wa kawaida nao wapo. Tena ardhi ni ya mkulima hata kama nazi hazikupungua. Kilichofanyika ni kwamba wakulima walijikusanya wakaunda umoja wao, UWEMAJO, vijiji vikaunda jumuiya yao ya mazingira, JECA, na ikakubaliwa kwamba sehemu ya kiingilio cha watalii iende kwao, nyengine kwa wakulima wenye kima mashambani, nyengine kwa mahitaji ya vijiji. Serikali ilishirikiana na shirika la CARE katika kuusimamisha mpango huo kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2004 eneo lote, msitu na sehemu ya ghuba, likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, ya mwanzo Zanzibar.

Na matuta? Barabara ilipotiwa lami magari yalikimbia, na kima waligongwa mmoja baada ya mwengine. Matuta yakawekwa, na waliokuja kulinganisha waliona vifo vimepungua sana. Kitu rahisi, simenti na lami kidogo.

Kuna kisa kimoja cha kima hawa nakipenda kupita vyote. Wanaokaa kwenye mashamba hula makaa. Ndiyo, makaa, ya kwenye matanuri na visiki vilivyoungua. Majani ya muembe na mkungu yana chakula kizuri lakini yana vitu vinavyoumiza tumbo, na makaa yanavinyonya, kama hospitali wanavyompa aliyekula sumu. Watoto wanaonekana hujifunza kwa mama zao. Yaani moshi wa binadamu umemfundisha kima kula vizuri zaidi. Subhanallah.

Hesabu ya karibuni zaidi, iliyochapishwa 2019, ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, mara tatu na zaidi ya walivyokuwa wakikisiwa. Chui hayupo, kima yupo. Tofauti yao kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba wa pili mtu alikaa na wenye mashamba wakapatana.

Kuni hazina hati

Hapo ndipo wengi wanapomalizia hadithi, na mimi ndipo ninapotaka kuanzia.

Fidia inafuata shamba. Mwenye minazi na miembe anaonekana, miti yake inahesabika, mipaka yake inajulikana. Lakini kule uwandani, kwenye ardhi ya mawe, mwanamke hakuwa na shamba la kuonyesha. Alikuwa na njia. Alijua wapi kuna kuni kavu, wapi kuna ukili wa kusukia mikeka, wapi kuna dawa. Eneo likifungwa, njia ile inakufa na hakuna karatasi ya kudai, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuandika kwamba Bi fulani alikuwa akitoa mizigo miwili ya kuni kwa wiki. Anachofanya ni kwenda mbali zaidi, au kununua.

Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 ilifungua mlango mzuri. Iliruhusu kijiji kuingia mkataba na serikali, kikasimamia msitu wake chenyewe na kupanga wapi pakatwe kwa zamu na wapi pasiguswe. Mwaka 2010 ukaanza mradi mkubwa wa kuongeza mikataba hiyo, kwa msaada wa Norway, na jina lake lilikuwa HIMA, kifupi cha Hifadhi ya Misitu ya Asili. Jina limesadifu na lile la Madina, na sidhani kama ni bahati tu. Mradi ule ulisisitiza wanawake wawemo kwenye kamati, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini kuwemo kwenye kamati na kusikilizwa ni vitu viwili, yeyote aliyekaa kikao cha harusi cha pande mbili analijua hilo.

Na kuni zenyewe, tusijitoe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wote wanakula. Harusi moja ya mjini yenye walima wa watu mia tano, masufuria ya biriani yanapangwa uwanjani juu ya mafiga, na kuni zinashushwa kwa gari. Tunauliza bei ya nyama, bei ya mchele, bei ya ukumbi. Kuni zimetoka wapi hatuulizi. Gesi imeingia na inasaidia nyumbani, lakini mpishi wa shughuli bado anataka moto wake. Ukimuuliza mpishi wako kabla ya kulipa arubuni, atakujibu, kwa sababu sasa hivi kuna kuni za mivinje na mikeshia ya kupandwa, zinazouzwa kihalali na waliozipanda.

Upande wa maji

Hifadhi hii ni bahari pia. Ghuba ya Chwaka ina mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya Unguja, na mikoko ina historia ndani ya nyumba zetu. Angalia dari ya nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, utaona boriti zimepangwa. Vyumba vile ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulikuwa ni urefu wa boriti, basi. Boriti nyingi zilitoka Rufiji na Lamu, na majahazi yalizichukua mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kusikokuwa na miti. Mikoko ya Chwaka ilikatwa kwa kujengea, kwa kuni, na kwa kuchomea chokaa.

Mkoko ukiondoka samaki wadogo hawana pa kujificha, na mwanamke anayeokota chaza na kombe hana cha kuokota. Kule Pete wamefanya jambo la maana. Wamejenga njia ya mbao juu ya maji, kupita katikati ya mikoko, mgeni analipa na kutembezwa, na pato linasaidia kijiji. Mti uliosimama unaleta pesa kila siku, uliokatwa unaleta mara moja. Maharusi mkipita, shukeni. Ni dakika chache tu kutoka barabarani, na mlipaji ana haki ya kuuliza kwa heshima pesa zinakwenda wapi.

Halafu kuna mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wakulima wake wamefika zaidi ya 20,000, wengi mno ni wanawake. Kwa mara ya mwanzo mwanamke wa kijijini alikuwa na pesa yake mkononi, akajenga, akasomesha. Wako waume waliogomba mwanzoni, wakanyamaza walipoona mabati. Kwa uhifadhi pia lilikuwa jambo zuri, kwa sababu mkono ulioshika mwani haukushika panga la kukatia mkoko.

Ila tusipambe. Mwani unakwenda nje ukiwa mkavu na bei yake ni ndogo, kisha unarudi ndani ya dawa ya meno na losheni ambazo bi harusi ananunua ghali kwa ajili ya singo na mapambo, kwani ute wake ndio unaozishikanisha. Bahari imepata joto, na mwani wa kotoni, wenye bei nzuri, unakufa kwenye maji madogo. Baadhi ya wanawake wamefundishwa kulima maji marefu, na wengine wanatengeneza sabuni wenyewe hapahapa, jambo ambalo kwangu mimi ndilo la kibiashara zaidi. Tena watafiti wameona kwamba mashamba ya mwani yakizidi yanaziumiza nyasi za bahari, ambako samaki wanakulia. Kwa hivyo hata kazi hii safi inahitaji nafasi ya mshono.

Nikichukua ile futi ya Sayyidna Umar nikaipima pwani yetu, sipati jibu la kunifurahisha kila mahala. Wako wenye hoteli waliopewa ufuo, na mama mwenye kikapu akaambiwa apite nyuma. Ndani ya Jozani na Chwaka hali ni bora kuliko sehemu nyingi, kwa sababu ya zile jumuiya na mikataba, na hiyo ni sifa ya watu wa vijiji vile. Bado mlango wa mwenye kondoo wachache unahitaji kupanuliwa.

Kuna nafasi ya kulisema hilo. Kila hifadhi ya baiosfia hupitiwa upya kila baada ya miaka kumi, nchi inaandika ripoti kueleza viumbe wako vipi na watu wamefaidika vipi. Kumi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, tokea 2016, inatimia 2026. Kwenye kazi kama hiyo vijiji huitwa mikutanoni. Ninalowaomba wanaopanga mikutano ni dogo sana, waangalie kalenda ya mwezi. Kwetu, maji ya bamvua hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hizo ndizo siku na saa ambazo mwani unafungwa, unavunwa, na chaza wanaokotwa. Mkutano ukiitwa saa nne ya bamvua, wanawake wa Chwaka, Charawe na Ukongoroni wako baharini, maji magotini, na kiti chao kitakuwa kitupu. Uitwe siku za maji mafu, baada ya Alasiri.